Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Kuukuu ya Linux: Soma Dalili Kwanza, Nunua Baadaye

Kila wiki hapa Mwanjelwa, Mbeya, naletewa kompyuta za mezani za mtumba: Dell OptiPlex 790, 7010 na 9020, HP Compaq 8200 na 8300 Elite. Zimeshatolewa Windows, zimewekwa Linux Mint au Debian, na mwenye mashine anakuja na hukumu tayari mdomoni: "Fundi, hii inataka kadi." Anamaanisha kadi ya grafiki, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kuchora picha za skrini. Wengine wameshaagiza kadi Kariakoo, imeshuka na basi la usiku, wanataka niichomeke tu. Wengi nawarudisha nyumbani kadi ikiwa bado kwenye boksi lake, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye RAM, kwenye waya, au kwenye neno moja lililosahaulika ndani ya faili.

Hela ya kadi si hela ndogo kwa watu wetu. Ni mfuko wa mbolea, ni sare ya mtoto na madaftari yake. Ndiyo maana nimeyapanga haya kwa dalili: unachokiona kwenye skrini, kinachoweza kukisababisha, na namna ya kuhakikisha kabla mkono haujaingia mfukoni. Habari ya kadi ipi ununue iko karibu na mwisho, na naomba usiirukie.

Kwanza iulize mashine yenyewe

Linux ina uungwana ambao mafundi wengi hawautumii: ukiiuliza, inajibu. Fungua terminali uandike:

`lspci -nnk | grep -A3 -E "VGA|3D"`

`glxinfo -B`

`sudo dmesg | grep -iE "i915|radeon|amdgpu|nouveau|nvidia"`

Amri ya kwanza inataja kadi iliyopo na draiva, yaani programu inayoiendesha. Kama mstari wa "Kernel driver in use" haupo kabisa, kadi imekaa bure, hakuna anayeiendesha. Ya pili, inayokuja na kifurushi cha mesa-utils, inakwambia nani anachora picha. Tafuta mstari wa "renderer". Ukikuta neno llvmpipe, ujue kadi haifanyi kazi yoyote. Prosesa ndiyo inachora kila dirisha, kila herufi, kila sekunde ya video. Ya tatu ni shajara ya kerneli, kiini cha Linux: kila ilichokutana nacho tangu ilipowaka, pamoja na ilichokikosa.

Andika majibu ya amri hizi tatu kwenye karatasi, au yapige picha kwa simu. Dalili nyingi zilizo hapa chini zinamalizwa nayo.

Dalili: picha ipo, lakini kila kitu ni kizito, na skrini imekwama kwenye 1024 kwa 768

Hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote, na karibu kila mara kadi haina kosa.

Chanzo cha kwanza ni neno `nomodeset`. Mtu aliposakinisha Linux alipata skrini nyeusi, akashauriwa aongeze neno hilo, picha ikaja, akafurahi, akaliacha. Neno hilo ni la dharura. Linaikataza kerneli isiiguse kadi, na draiva inazimika nalo. Fungua faili la `/etc/default/grub` (GRUB ndiyo inayoiamsha Linux), angalia mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, liondoe, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya. Mama mmoja mwenye steshenari alikuwa amevumilia hali hiyo miezi mingi. Akifungua barua ya mteja, herufi zinachorwa mstari kwa mstari kama pazia linaloshuka, na foleni inarefuka mlangoni. Ilitosha kufuta neno moja. Mashine ile ilikuwa na Intel HD 2500 ndani ya prosesa, na kwa kuandika barua, kuskani na kuchapa, hiyo inatosha na kubaki.

Chanzo cha pili ni fomuweya. Kadi za AMD Radeon zinahitaji vifaili vidogo ambavyo kerneli huvipakia kadi inapowaka. Debian ya zamani haikuviweka kwenye diski yake ya kusakinishia kwa sababu si programu huria. Ilianza kuviweka kwenye toleo la 12 lililotoka Juni 2023. Kwa hiyo aliyeweka Debian 11 au iliyo chini yake kwa flashi ya kawaida, halafu akachomeka Radeon, atakuta kwenye dmesg malalamiko ya "firmware" iliyoshindikana kupakiwa. Ongeza sehemu ya non-free kwenye orodha ya hazina zako, kisha `sudo apt install firmware-amd-graphics`. Kwisha.

Dalili: video zinakwama, feni inavuma, prosesa iko asilimia 100

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Grafiki iliyo ndani ya prosesa za Intel haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya kompyuta. RAM ya DDR3-1600 ikiwa kipande kimoja inapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Ukiweka vipande viwili vinavyolingana kwenye sloti za njia mbili tofauti, inakuwa 25.6. Yaani OptiPlex 7010 yenye kipande kimoja cha GB 8 inaipa grafiki yake nusu ya chakula ukilinganisha na ile yenye vipande viwili vya GB 4. Nyingi ya mashine ninazoletewa zina kipande kimoja tu, sijui kingine kilibaki wapi safarini. Hakikisha kwa `sudo dmidecode -t memory`, na ufuate mchoro uliobandikwa ndani ya kasha kujua sloti zipi ni pacha.

Sasa chukua kadi ambayo kila duka litakuuzia kwanza: GeForce GT 710 yenye DDR3. Njia yake ya kumbukumbu ni biti 64, kila biti inapitisha gigabiti 1.8 kwa sekunde. Zidisha, gawanya kwa 8 upate baiti: 14.4. Hiyo ni chini ya zile 25.6 ambazo vipande viwili vya RAM vingeipa grafiki uliyonayo tayari. Mtu ananunua kadi, anaandikiwa "2 GB" kwa herufi kubwa kwenye boksi, na kompyuta haiongezi kasi ya maana. Gigabaiti za kwenye boksi ni ukubwa wa ghala. Upana wa mlango wake hawauandiki mbele. Kanuni ni hiyohiyo kwa GT 1030. Ile ya mwaka 2017 yenye GDDR5 inapitisha 48, na ile ya DDR4 iliyokuja mwaka 2018 inapitisha 16.8 tu. Jina moja, sura moja, kazi mbili tofauti kabisa. Hili linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu mnunuzi hana namna ya kujua akiwa kaunta kama hajaambiwa.

Jambo la pili kwenye video ni lugha ambayo video imeandikwa. YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1, na grafiki za Intel za kizazi cha OptiPlex 7010 na 9020 katika lugha za YouTube zinafungua H.264 tu kwa vifaa vyake; VP9 inaangukia prosesa. Bonyeza kulia kwenye video, fungua takwimu zake, utaona kama ni avc1 (ndiyo H.264), vp09 (VP9) au av01 (AV1). Ukiweka kiongezi cha h264ify kwenye Firefox au Chromium, YouTube italazimika kutuma avc1. Sakinisha na draiva ya `i965-va-driver`, ambayo ndiyo ya Intel za umri huo, kisha uandike `vainfo` kuona kama H264 imeorodheshwa. Nimewahi kumaliza tatizo la darasa zima la kompyuta kwa hatua hizi mbili, bila kufungua kasha hata moja.

Na usidhani kadi yoyote mpya itafungua VP9. GT 710 haifungui. Radeon RX 550, kadi ninayoipenda kwa mengine, inafungua H.264 na HEVC lakini VP9 haimo. GT 1030 inayo, ila kwenye Firefox inahitaji draiva ya NVIDIA yenyewe pamoja na kifurushi cha nvidia-vaapi-driver.

Dalili: umechomeka kadi, skrini ni nyeusi

Gawanya tatizo pande mbili. Je, nembo ya Dell au HP inaonekana mashine inapowaka? Kama inaonekana, kadi, waya na monita viko salama. Kosa liko kwenye Linux. Kama haionekani, usiiguse Linux kabisa.

Nembo haionekani. Anza na lililo jepesi: waya wa monita uko wapi? Ukishachomeka kadi, mashine nyingi za ofisi huzima tundu la VGA lililo kwenye mazabodi. Waya lazima uhamie kwenye kadi. Nimeshapigiwa simu kutoka Uyole hadi Tunduma kwa jambo hili.

HP Compaq 8200 na 8300 zinazungumza: taa ya kuwashia ikimulika nyekundu mara 6 na mashine ikilia mara 6, halafu kimya kidogo, hilo ni tatizo la grafiki. Ikiwa ni mara 5, geukia RAM. Chomoa umeme, toa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa, rudisha mpaka kile kilimi cha plastiki mwishoni mwa sloti kilie "tak". Kompyuta iliyosafirishwa kutoka Dar ikiwa na kadi ndani imepita kona za Kitonga na matuta yasiyohesabika. Kadi inalegea upande mmoja bila kuonekana kwa macho.

Bado kimya? Angalia umri wa BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha mashine kabla ya Linux. Mashine kama OptiPlex 780 ni za enzi za BIOS ya zamani, na baadhi ya HP za mwaka 2011 zinagombana na kadi zilizozaliwa miaka mingi baada yake. Upande wa pili, kadi kuukuu sana haitatoa picha kwenye mashine iliyowekewa UEFI tupu (mrithi wa BIOS) au Secure Boot (kinga inayokataa programu isiyo na sahihi), kwa kuwa haina sehemu ya kuzungumza na UEFI. Ingia kwenye BIOS ukitumia tundu la mazabodi, zima Secure Boot, ruhusu hali ya zamani, na kama kuna toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji, liweke. Kusasisha BIOS ufanye siku umeme umetulia au una UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiamke tena.

Halafu kuna habari ya VGA. Monita nyingi zilizoko huku bado zina tundu la bluu la VGA peke yake. Kadi ya GT 1030 haina. Inakuwa na HDMI na DVI, na muuzaji anakupa kile kiadapta kidogo cheupe cha DVI kwenda VGA, anasema kitafanya kazi. Shika kadi kwenye mwanga, tazama tundu la DVI. Kuna mashimo madogo yamepangwa safu tatu, na pembeni kuna mpasuko mmoja mpana uliolala. Ukiona mashimo manne yameuzunguka mpasuko huo, mawili juu na mawili chini, hiyo ni DVI-I, inabeba mawimbi ya VGA, na kiadapta kitafanya kazi. Ukiona mpasuko uko peke yake, hiyo ni DVI-D. Hakuna wimbi la VGA linalotoka humo, na kiadapta kile ni plastiki na pini tu. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye saketi ndani ya kubadilisha mawimbi. Jumlisha bei yake kwenye bei ya kadi kabla hujakubali. Hali kadhalika kadi za ofisini kama Quadro P400 na P620: zina matundu madogo ya DisplayPort peke yake, na kama adapta zake hazimo kwenye boksi, usiku huo utarudi nyumbani bila picha.

Nembo inaonekana, Linux ndiyo nyeusi. Washa, na menyu ya GRUB ikitokea bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset mwishoni, bonyeza F10. Hii ni kwa mara hiyo moja tu. Ukiingia, tafuta mabaki ya kadi iliyotangulia: faili la `/etc/X11/xorg.conf` lililoandikwa na draiva ya NVIDIA, au faili ndani ya `/etc/modprobe.d` linaloifungia nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA. Aliyetoka NVIDIA kwenda AMD bila kusafisha mabaki haya, mfumo wake bado unamtafuta mpangaji aliyehama. Ondoa draiva ya zamani, lihamishe faili la xorg.conf, washa upya bila nomodeset.

Dalili: inaganda au inajizima mzigo ukipanda

Barua pepe sawa, LibreOffice sawa, ukifungua mchezo au video kubwa mashine inazima kama imekatiwa umeme. Hapo pawa saplai ndiyo ya kutazamwa kwanza. OptiPlex 7010 ya kasha dogo ina pawa saplai ya wati 240, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi inakula kupitia sloti peke yake, na sloti kwa kanuni haivuki wati 75. Kwenye kasha dogo mimi sikaribii hata kidogo kiwango hicho. Mashine imeshatumika miaka 10 na zaidi huko Ulaya kabla haijatufikia, na pawa saplai imezeeka pamoja nayo. Kanuni yangu ya kasha dogo ni kadi ya wati 30 hadi 40. Kasha la mnara linaweza kubeba 50 hadi 60.

Usikubali kufungiwa adapta inayochukua umeme wa diski kuulisha waya wa pini 6 wa kadi kubwa. Najua inafanyika. Nimeona plagi ya namna hiyo imeyeyuka hadi plastiki ikashikana na pini, na aliyeifunga hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa tu kwamba inaingia.

Kama kuzima hakuji ghafla bali baada ya dakika 10 au 20, fikiria joto. Sakinisha lm-sensors, andika `sensors`, tazama nyuzi zinavyopanda. Kati ya Agosti na Novemba, kabla ya mvua, vumbi la Makambako na Mafinga linaingia kila mahali na kujikunja kama blanketi kati ya mapezi ya bati la kupozea. Ondoa feni kwa skurubu zake, safisha kwa brashi laini, weka pesti mpya. Baridi yetu ya Juni na Julai inasaidia kadi zisizo na feni, ingawa huku Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar na inabeba joto kwa shida kidogo. Na ile feni inayolia kama panzi asubuhi kisha ikanyamaza saa nne, grisi yake imekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko chake litakupa muda, lakini anza kutafuta feni nyingine.

Dalili: ilikuwa nzima, ukasasisha mfumo, asubuhi ikafa

Hii ni ya NVIDIA karibu peke yake, na ndiyo inayoongoza uamuzi wangu wa kununua.

Draiva ya AMD iko ndani ya kerneli. Kerneli ikisasishwa, draiva imesasishwa. Draiva kamili ya NVIDIA iko nje, inajengwa upya kila kerneli mpya inapoingia. Kama vichwa vya kerneli havipo, ujenzi unashindikana kimya kimya, na `nvidia-smi` inakujibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na draiva. Andika `dkms status`, sakinisha `linux-headers` za kerneli yako, jenga tena. Kama Secure Boot imewashwa, iangalie kwa `mokutil --sb-state`. Moduli isiyo na sahihi haitapakiwa.

Ila kuna tatizo ambalo hakuna amri itakayolitibu. NVIDIA hugawa kadi zake kwa matawi ya draiva, na tawi likikatwa kadi inabaki yatima. Tawi la 390, lililolea kadi za kizazi cha Fermi, liliachwa mwishoni mwa mwaka 2022. Tawi la 470, la kadi za Kepler kama GT 710 na GT 730 nyingi, liliachwa mwaka 2024. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa Maxwell na Pascal, ambamo GT 1030 na Quadro P620 zimo. Na kila sasisho la draiva hiyo linakula mamia ya megabaiti za bando.

Mbadala wake, nouveau, ni huria na imo ndani ya kerneli, lakini kadi za Pascal haiwezi kuzipandisha kasi kwa sababu zinadai fomuweya yenye sahihi ya NVIDIA. GT 1030 chini ya nouveau inabaki kwenye mwendo wa kuwashia, kama gari lililofungwa gia ya kwanza. Kwa Kepler kuna njia: andika `sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/pstate`, utaona ngazi kama 07, 0a na 0f pamoja na kasi za kila moja. Kisha `echo 0f | sudo tee /sys/kernel/debug/dri/0/pstate` inaipandisha kadi hadi juu, mpaka utakapozima. Mwenye GT 710 tayari ajaribu hilo kabla ya kununua nyingine. Tofauti anaiona kwa macho.

Dalili: kadi ina jina kubwa, nguvu hakuna

Kijana mmoja alikuja na kadi ya "GTX 1050 Ti, 4 GB", nzuri, feni mbili, bei iliyomfurahisha. Nikaigeuza kuangalia nyuma, nikaona tundu la VGA. Sikuwa na haja ya kuiwasha. GTX 1050 Ti ya kweli haitoi kabisa mawimbi ya VGA. Chipu yake haina sehemu hiyo. Tuliichomeka hata hivyo, nikafungua Linux ya flashi, nikaandika `sudo dmesg | grep nouveau`, na mstari wa kwanza ukasema NVIDIA GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, yenye BIOS iliyoandikwa upya ili idanganye jina. lspci inasoma namba ya utambulisho ambayo BIOS iliyochezewa inaweza kuibadilisha; nouveau inasoma namba iliyochongwa ndani ya chipu, na hiyo haibadilishiki kwa programu. 1050 Ti halisi ingesema GP107, GT 1030 ingesema GP108. Alikaa kimya muda mrefu akiishika mkononi. Ilikuwa akiba ya mavuno.

Shajara hiyohiyo inasema ukweli wa kumbukumbu pia. nouveau huandika mstari wa fb wenye ukubwa na aina, DDR3 au GDDR5. amdgpu huandika "RAM width" na biti zake. Pale ndipo utakapojua GT 1030 uliyoshika ni ipi kati ya zile mbili.

Sasa, ununue ipi?

Kwa steshenari, ofisi ya kata, mwalimu anayeandaa mitihani, mtu wa GIMP na Inkscape: usinunue kadi. Nunua kipande cha pili cha RAM, na SSD kama haipo. Programu hizo zinakula RAM kuliko kadi.

Ukitaka monita ya pili tu, au grafiki ya mazabodi imekufa, Radeon HD 5450 au 6450 ya mtumba inatosha: wati 19 hivi, tundu la VGA lipo, na draiva yake ya radeon imo ndani ya kerneli miaka yote hii. Usiitegemee kwa video kubwa.

Ukitaka kasi ya kweli kwenye kasha dogo, tafuta Radeon Pro WX 2100, wati 35, yenye kimo cha nusu. Kwenye mnara, RX 550 ya wati 50; kumbukumbu yake inapitisha hadi gigabaiti 112 kwa sekunde, na amdgpu inaiendesha bila wewe kusakinisha chochote zaidi ya ile fomuweya. R7 240 ni ya tatu kwangu. Ni ya kizazi ambacho kwa kerneli nyingi unapaswa kuongeza `radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1` kwenye GRUB ili upate Vulkan (lugha ya kuchorea ya michezo mipya), lakini inavumilia. Quadro P620 ni kadi nzuri ya wati 40 kwa anayekubali kuishi na draiva ya NVIDIA na matawi yake.

Intel Arc iache. Inataka Resizable BAR, njia ya prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambayo BIOS za mashine hizi hazina. RX 6400 nayo ina njia 4 tu za PCIe (mawasiliano ya sloti), na kwenye sloti za zamani inabanwa.

Pima kimo kabla ya kulipa. Kasha dogo linataka kadi ya kimo cha nusu pamoja na lile bati fupi la kuifungia; wauzaji wengi wanayo kadi na bati refu, na bati fupi limeshapotea. Bila bati, kadi inaning'inia kwa meno yake, na kila ukivuta waya wa monita unaitikisa.

Ukienda dukani, nenda na flashi yenye Linux uliyoiwekea mesa-utils na glmark2 mapema. Iombe kadi ichomekwe, washa kwa flashi, soma dmesg, soma glxinfo, acha glmark2 ikimbie dakika 15 huku ukiitazama skrini kama inatoa vidoti au mistari ya rangi. Hivyo ni dalili ya kumbukumbu inayokufa, na haina tiba ya bei nafuu. Sikiliza feni. Ikipita hapo, lipa, na kama unasafiri nayo kwenda Njombe au Iringa, usiiache ndani ya mashine. Itoe, ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, uiweke kwenye begi la mapajani, na kompyuta iende chini kwenye buti.